Kabla ya Rangi, Pima Pumzi ya Injini: Kufufua Pikipiki za Zamani za Traiali Hapa Tanga

Mzee aliyeniletea Yamaha TY175 mwaka juzi alianza na swali la rangi. Aliishusha kutoka kwenye kirikuu mbele ya banda langu hapa Makorora, nikampa shikamoo yake, akaketi kwenye benchi na kuuliza kama ile rangi ya tangi ya zamani bado inapatikana madukani. Pikipiki ilikuwa imelala stoo ya shamba la katani upande wa Muheza miaka mingi. Spoku zilikuwa zimeoza, tairi zimepasuka kama ardhi ya kiangazi, na alumini ya injini imeota ule unga mweupe ambao sisi tunaoishi karibu na bahari tunaujua vizuri. Nikamwambia, "Mzee wangu, rangi tutaizungumza siku ya mwisho. Leo niruhusu niipime pumzi."

Nina sababu ya kusema hivyo. Pikipiki ya kwanza ya aina hii niliyoifufua niliipaka rangi kwanza. Niliipiga msasa wiki mbili, nikaing'arisha, nikaiwasha, ikawaka, tukashangilia. Kabla sijafika Pongwe pistoni ikakwama. Nilipoifungua nikakuta kichwa cha pistoni kimeanza kuyeyuka pembeni, upande wa ekzosi. Kabureta ilikuwa safi, oili nilichanganya sawasawa. Kosa lilikuwa sili moja ya krenki (mpira unaozuia hewa kupita pembeni mwa ule mhimili unaozungushwa na pistoni), ya shilingi chache tu, ambayo sikuigusa kwa sababu kwa macho ilionekana nzima. Tangu siku hiyo sishiki kopo la rangi kabla injini haijafaulu kipimo nitakachokieleza hapa.

Kwanza tuelewane pikipiki ya traiali ni kitu gani, maana vijana wengi wanaopita hapa huidhani ni ya kurukia matuta. Traiali si mbio. Mwendeshaji hupita katikati ya alama kwenye mawe, mizizi, mteremko au mkondo wa maji, akiwa amesimama juu ya vikanyagio, taratibu kama mtu anayetembea. Mguu ukigusa chini mara moja, pointi 1. Mara mbili, pointi 2. Mara tatu au zaidi, pointi 3. Ukianguka au ukishindwa kupita, pointi 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalianza mwaka 1975, na bingwa wa kwanza alikuwa Mwingereza Martin Lampkin, aliyeendesha Bultaco ya Hispania. Wajapani nao walikuwa wameshaingia: Honda na TL125, Yamaha na hizi TY, ambazo Mwingereza mwingine, Mick Andrews, alishiriki kuziunda.

Kwa hiyo injini hii imeundwa kufanya kazi chini, karibu kabisa na sailensa, yaani ule mzunguko wa polepole injini ikiwa imeachiwa mafuta. Gurudumu la magneto, lile linalozunguka na krenki na kuzalisha umeme wa cheche, ni zito makusudi, ili mzunguko usikatike hata pikipiki ikipanda jiwe kwa mwendo wa konokono. Hapo ndipo penye siri ya kuzifufua. Pikipiki ya barabarani ikivuta upepo kidogo mahali pasipostahili, ukiwa kwenye mwendo mkubwa huenda usijue, kwa sababu mchanganyiko unaopita ni mwingi na huo upepo wa wizi ni tone baharini. Kwenye sailensa mchanganyiko ni mdogo mno. Upepo uleule sasa ni sehemu kubwa ya kile injini inachokula. Matokeo yake inapandisha mzunguko yenyewe, ukifunga mafuta haishuki, halafu ghafla inazima. Ukiwa juu ya jiwe, huko ni kuanguka.

Injini ya stroki mbili haina vali za juu kama Boxer au TVS za bodaboda. Kasha la krenki lenyewe ndilo pampu. Pistoni ikipanda, kasha linavuta petroli, oili na hewa kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, linausukuma mchanganyiko huo juu ya pistoni. Pampu yenye tundu haifai, na krenki inatoka nje ya kasha pande mbili, kila upande ukizibwa na sili ya mpira. Mpira ukikaa miaka bila kuguswa na mafuta, tena kwenye joto letu hili, unakauka na kuwa mgumu kama kigae. Sili ya upande wa magneto ikichoka, injini inavuta hewa kavu, inapata joto, pistoni inayeyuka kama ile yangu. Ya upande wa klachi ikichoka, inavuta oili ya giaboksi, na utaona moshi mweupe usioisha na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Watu wengi wakiona moshi huo hukimbilia kubadilisha ringi.

Kifaa changu cha kupimia ni mashine ya presha, ile ya mkono ya hospitali yenye mpira wa kuminya na saa yenye mshale. Niliipata ikiwa imechanika kitambaa cha kufungia mkononi. Saa yake inafika milimita 300 za zebaki, na kwa hesabu ya mafundi wa tairi huo ni upepo karibu 6 (psi), ndio hasa unaofaa kwa sili za krenki. Kompresa ya tairi usiisogeze hapa, itazitoa sili kwenye nafasi zake.

Nafanya hivi. Natoa ekzosi, naziba tundu lake kwa kipande cha mpira wa tyubu na bati nene linalokazwa kwa boliti za ekzosi zenyewe. Plagi inabaki mahali pake. Natoa kabureta, na kwenye mpira wake wa kuingizia naweka kizibo cha mninga alichonikerezea fundi seremala jirani, kimetobolewa katikati kupitisha bomba la mashine ya presha. Nakikaza kwa klempu ileile ya kabureta. Kama pampu ya oili bado ipo, bomba lake nalo lizibwe. Pistoni naishusha chini kabisa. Upepo ukiingia kwa njia ya kabureta unapima na ule mpira wa kuingizia pia, ambao kwenye pikipiki za zamani huwa na nyufa zisizoonekana mpaka uupinde.

Naminya taratibu mpaka mshale ufike 300, nafunga, naangalia saa ya ukutani. Wengi huridhika ukishuka 50 kwa dakika. Kwa pikipiki ya traiali mimi sikubali zaidi ya 20, kwa sababu niliyoisema ya sailensa.

TY ya mzee ilishuka kutoka 300 mpaka sifuri kabla sijahesabu kumi.

Sasa kazi ni kutafuta inatokea wapi. Brashi ndogo na maji ya sabuni ya kufulia, nene kiasi. Nilipaka kuzunguka gasketi ya chini ya silinda, kimya. Kwenye mpira wa kabureta, vipovu vitatu vidogo. Nikatoa gurudumu la magneto kwa pula yake (asikudanganye mtu kulipiga nyundo, utapinda krenki), nikagusisha brashi kwenye sili ya nyuma yake. Povu likafura kubwa kama la mtoto anayepuliza sabuni, likapasuka, likafura tena. Binti yangu anayejifunza kazi hapa alikuwa amechuchumaa pembeni, akasema, "Baba, mbona inahema?" Ndiyo neno lenyewe. Upande wa klachi hauonekani kwa macho, hivyo nilichukua bomba la kupumulia la giaboksi nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Vipovu vikapanda kimoja kimoja. Sili zote mbili zimekufa, na mpira wa kabureta unafuata.

Angalizo moja: sili inaweza kushika hewa inayotoka ikaachia inayoingia, na injini hufanya yote mawili. Kwa hiyo baada ya kusukuma ninavuta pia, kwa bomba kubwa la sindano na saa ya kupima mvuto.

Baadhi ya sili zina ukingo unaozizuia kutokea nje, kwa hiyo kasha linapasuliwa katikati. Ukishalipasua, badilisha na beringi za krenki hapohapo, ni dhambi kufunga beringi ya zamani ndani ya sili mpya. Namba imechongwa ubavuni mwa beringi, na ikiwa imeishia na C3 nunua yenye C3. Herufi hiyo inamaanisha nafasi ya ndani ni kubwa zaidi, kwa ajili ya chuma kinachotanuka na joto.

Kuzitoa, watu hutumia nyundo na kuacha kasha na ufa. Mimi hutumia jiko. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo ukilipasha kasha lote sawasawa, tundu linapanuka kuliko beringi na beringi inateleza yenyewe. Naliweka kasha juu ya bati pana, bati juu ya jiko la mkaa, moto wa wastani, nafunika na sufuria kuukuu. Nadondosha tone la maji. Likitulia na kufuka mvuke polepole, bado. Likichemka na kutoweka papo hapo, tayari. Nalishika kwa matambara mazito, naligeuza, naligongesha mara moja juu ya ubao, na beringi inaanguka kwa mlio mmoja mzuri sana. Mpya huwa imelala kwenye friza usiku kucha, na bi mkubwa ameshazoea kukuta beringi kando ya samaki. Inaingia kwa kusukuma na kidole gumba. Tochi ya gesi usiitumie, inapasha sehemu moja na kulipinda kasha.

Kuhusu spea, watu hukata tamaa bure. Silinda ya TY175 ina kipenyo cha milimita 66 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, sentimita za ujazo 171, vipimo vilevile vya Yamaha DT175 ambazo wengi tunazikumbuka kwa mabwana shamba na wamisheni. Hiyo haimaanishi kila kitu kinaingiliana. Beba kifaa cha zamani mkononi, pima kwa venia, ulinganishe. Ila ukikuta injini chakavu ya DT175 inauzwa kwa kilo, usiipite.

Tangi likiwa la bati, kutu ya ndani naitoa kwa magadi. Nalijaza maji yenye magadi, nashikiza waya hasi wa chaja ya betri kwenye tangi, waya chanya kwenye kipande cha nondo kinachoning'inia ndani bila kugusa bati. Usiku mmoja, nje ya nyumba, mbali na moto kwa sababu hewa inayotoka inalipuka. Nondo iwe ya chuma cha kawaida, chuma kisichoshika kutu hutoa sumu kwenye maji. Bultaco na ndugu zake wa Hispania wengine wana matangi ya faibaglasi, hayo hayataki mambo haya kabisa.

Mengine ni kazi ya kawaida. Ndimi za ridi, vile vibao vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi, zilizo mbele ya kabureta ziinue juani, usione mwanga pembeni. Pointi za magneto (si zile za mashindano, bali vipande viwili vinavyokata na kuunga umeme wa plagi) huku kwetu huota ukungu wa chumvi, zisafishwe na kuachwa nafasi ya milimita 0.35 hivi. Oili ni mililita 125 za oili ya stroki mbili kwa dumu la lita 5. Tairi ya mbele ni inchi 21, ya nyuma 18, na upepo ni mdogo kuliko mtu wa bodaboda atakavyoamini, kama 5 tu nyuma, ili tairi ilikumbatie jiwe.

Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini TY ilikaa kwangu miezi minne, mwingi wa muda huo ikisubiri sili. Siku niliyoifunga nikaminya tena mpaka 300. Dakika ya kwanza 296. Ya sita, 281. Binti akaandika namba kwa chaki ukutani, bado ziko pale. Ndipo nikampigia mzee simu aje achague rangi.

Alikuja na kofia yake, akaitazama jinsi ilivyo, fremu ina mabaka ya praima, akaomba tuijaribu kwanza. Tukaipeleka upande wa Amboni, kwenye mawe ya chokaa. Mzee ana miaka zaidi ya sabini. Akasimama juu ya vikanyagio, gia ya kwanza, mkono umeachia mafuta kabisa. Injini ikawa inagonga moja, moja, moja, polepole kiasi cha kuweza kuihesabu, na pikipiki ikalipanda lile jiwe la kwanza, ikatulia juu yake, ikashuka upande wa pili. Binti yangu alikuwa anatembea sambamba naye akitazama miguu yake. Mzee alipofika mwisho wa mawe, binti akatugeukia na kuinua kidole gumba na cha shahada, vimekutana kuwa duara.

Sifuri. Rangi mzee hajachagua mpaka leo, na kila Jumamosi asubuhi anapita hapa bandani akiwa juu yake, na yale mabaka ya praima.