Shokapu ngumu za mbele na mbio za mstari mnyoofu
Katika gereji za Unguja husemwa kwamba gari la mbio fupi za mstari mnyoofu lifungwe shokapu (vizuia mitikisiko) ngumu mbele, lisinyanyue pua, yaani sehemu yake ya mbele, linapoondoka. Imani hiyo ina chanzo: kwenye kona, ugumu husaidia kweli. Lakini gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linahitaji pua ipande, uzito uegemee nyuma, tairi zishike lami. Shokapu inayotanuka kwa wepesi huharakisha hilo. Pua inaposhuka na shokapu kubanwa, iwe nzito kidogo. Toyota Vitz na IST nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, na huko ugumu wa kutanuka unafaa, maana uzito ubaki mbele. Jipimie kwenye uwanja uliofungwa, kamwe si barabarani: mwenzako arekodi kwa simu kutoka ubavuni jinsi pua inavyopanda, nawe ubadilishe kitu kimoja tu kila mara.