Kipenga Kikishalia: Kinachoweza Kurejewa Baada ya Mechi na Kisichorejewa

Kila mechi kubwa inapomalizika, iwe ni ya Ligi Kuu ya Zanzibar katika Uwanja wa Gombani au ya Ligi Kuu ya England iliyotazamwa kwenye televisheni pale Jaws Corner, maswali ya aina tatu huulizwa kwa pamoja katika barza na maskani zetu: kwa nini refa aliamua vile, kwa nini mchezaji fulani hakuadhibiwa, na kwa nini matokeo yasifutwe. Kitengo chetu, ambacho kazi yake ni kuwaelimisha wapenzi wa soka, viongozi wa klabu na waamuzi chipukizi kuhusu sheria za mchezo, hupokea maswali hayo yakiwa yamefungwa fungu moja, kana kwamba jibu la moja linatosha kwa mengine. Kisheria mambo hayo yametenganishwa. Mchezaji anaweza kuongezewa adhabu baada ya mechi, au kufutiwa ile aliyopewa, huku matokeo yakibaki kama yalivyokuwa kipenga cha mwisho kilipolia.

Tuanze na majeruhi, kwa sababu hapo ndipo hasira huwa nyingi. Inasemwa mara kwa mara kwamba aliyemvunja mwenzake mguu lazima atolewe kwa kadi nyekundu, na kwamba asiyemuumiza mtu hastahili kutolewa. Sheria ya 12 ya Mchezo, inayohusu faulo na utovu wa nidhamu, haisemi hivyo. Inamtaka refa apime namna mchezaji alivyomwendea mpinzani wake: ikiwa ni uzembe tu, yaani hakuwa makini, ni faulo isiyo na kadi; ikiwa amecheza bila kujali hatari kwa mwenzake, ni kadi ya njano; na ikiwa ametumia nguvu kupita kiasi au amehatarisha usalama wa mwenzake, ni kadi nyekundu, hata kama aliyechezewa rafu ameinuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na mchezo. Refa hutazama kasi aliyokuja nayo mchezaji, mguu umeinuliwa kiasi gani, meno ya njumu yameelekea wapi, na kama kulikuwa na uwezekano wa kweli wa kuufikia mpira. Uzito wa jeraha haumo katika mizani hiyo.

Tukio linaloeleza jambo hili vizuri zaidi lilitokea tarehe 3 Novemba 2019 katika uwanja wa Goodison Park, Everton ilipotoka sare ya 1-1 na Tottenham. Son Heung-min alimkwatua André Gomes kutoka nyuma. Gomes akapoteza mizani, akagongana na Serge Aurier, na kifundo cha mguu wake wa kulia kikavunjika na kuteguka kwa namna iliyowafanya hata wachezaji wa Tottenham wafunike nyuso zao. Refa Martin Atkinson alikuwa ameshaonesha kadi ya njano, kisha akaibadilisha kuwa nyekundu. Siku mbili baadaye Chama cha Soka cha England kiliikubali rufaa ya Tottenham, na adhabu ya kukosa mechi tatu ikafutwa. Wapo waliodhani kwamba Son alionewa huruma kwa kuwa alitoka uwanjani akilia. Kwa maoni yetu, lililorekebishwa pale ni mkanganyiko ambao hata refa wa daraja la juu unaweza kumpata: kosa la mwanzo lilikuwa la kadi ya njano, na kilichofuata, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa ajali. Gomes alirejea uwanjani Februari 2020, chini ya miezi minne baadaye.

Rufaa hiyo inatufikisha kwenye adhabu zinazotolewa au kuondolewa baada ya mechi. Kanuni ya Nidhamu ya FIFA, ambayo mashirikisho mengi hufuata mwelekeo wake, inaeleza kwamba uamuzi wa refa uwanjani ni wa mwisho, lakini vyombo vya nidhamu vinaweza kuingilia katika hali chache. Mojawapo ni kosa la dhahiri, kama vile kuadhibiwa mtu asiyehusika, na hapo kinachorejewa ni adhabu peke yake. Nyingine ni kosa zito ambalo waamuzi hawakuliona kabisa.

Kuhusu hali ya kwanza, mashabiki wa Arsenal hawatakuwa wamesahau tarehe 22 Machi 2014, walipofungwa 6-0 na Chelsea. Alex Oxlade-Chamberlain aliuzuia mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari, lakini refa Andre Marriner akamtoa nje Kieran Gibbs, ambaye hakuugusa. Baada ya mechi Gibbs alifutiwa adhabu kwa kuwa si yeye aliyetenda kosa, na Oxlade-Chamberlain naye hakufungiwa, kwa kuwa mpira ulikuwa unatoka nje na kwa hivyo hakuwa amezuia goli. Penalti aliyofunga Eden Hazard haikufutwa, wala mabao mengine yaliyofuata Arsenal ikiwa pungufu.

Kuhusu hali ya pili, Luis Suárez alimng'ata Giorgio Chiellini tarehe 24 Juni 2014 katika Kombe la Dunia nchini Brazil, na refa hakuona. Dakika chache baadaye Uruguay ilifunga bao pekee la mechi hiyo na Italia ikaaga mashindano. FIFA ilimfungia Suárez mechi tisa za kimataifa, ikamzuia kujihusisha na soka kwa miezi minne, na kumtoza faini ya faranga 100,000 za Uswisi. Uruguay ilisonga mbele, bila Suárez. Mtu akiona hilo si haki kwa Waitalia, ana hoja; lakini chombo cha nidhamu humhukumu mtenda kosa, na hakina kazi ya kukisia mechi ingekwishaje kama angetolewa.

Tangu VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, ilipoingizwa rasmi katika Sheria za Mchezo mwaka 2018, nafasi ya kurejea matukio baada ya mechi imekuwa finyu zaidi pale inapotumika. Mtambo huo ulianzishwa kwa ajili ya magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja na kuadhibiwa mtu asiyehusika. Na chumba cha video kikishalipitia tukio na kuliacha, ni vigumu kwa kamati kusema baadaye kwamba waamuzi hawakuliona. Viwanja vyetu vingi havina mitambo hiyo, kwa hivyo huku kwetu ripoti ya refa na ya kamisaa wa mchezo bado ndizo nguzo za shauri lolote la nidhamu.

Sasa matokeo. Sheria ya 5 inasema kwamba uamuzi wa refa kuhusu mambo yaliyotokea mchezoni, likiwemo la iwapo goli limeingia au halikuingia, ni wa mwisho. Tarehe 5 Aprili 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika iliyochezwa Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba wa juu na kudunda jirani na mstari wa goli. Goli halikutolewa, mechi ikamalizika 0-0, na Mamelodi Sundowns wakashinda kwa penalti 3-2. Kutoka Darajani hadi Chake Chake mjadala huo haujapoa, na picha iliyogandishwa ya mpira ule imepita katika simu nyingi kuliko tangazo lolote. Ili goli lihesabiwe, mpira wote unatakiwa uwe umepita mstari wote, ardhini au hewani. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Maana yake ni kwamba sehemu inayogusa ardhi inaweza kuonekana imeshavuka mstari kwa sentimita 10 na bado ubavu wa mpira ukawa juu ya ukingo wa mstari. Kamera isiyokaa sawasawa na mstari wa goli haiwezi kulimaliza suala hilo kwa uhakika, kwa upande wowote. Hata kama picha bora zaidi ingepatikana baadaye na kuthibitisha kwamba lilikuwa goli, lingebaki kuwa kosa la kuona, na kosa la kuona halirudishi mechi uwanjani.

Kinachoweza kuirudisha ni kitu kingine. Tarehe 3 Septemba 2005 Uzbekistan iliifunga Bahrain 1-0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Uzbekistan ilifunga penalti huku mchezaji wake mmoja akiwa ameingia mapema katika eneo la hatari. Sheria ilitaka penalti ipigwe upya. Refa akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Hakuwa amekosea kuona, kwa sababu aliona vizuri kabisa kilichotokea. Alikosea kuitumia sheria. FIFA iliamuru mechi irudiwe, ikamalizika 1-1, na baada ya sare ya 0-0 kule Bahrain, Uzbekistan, ambao ndio waliokata rufaa, wakatolewa kwa bao la ugenini, yaani lile ambalo Bahrain ililifunga kule Uzbekistan.

Njia nyingine ni udanganyifu. Novemba 2016 Afrika Kusini iliifunga Senegal 2-1 kwa msaada wa penalti iliyotolewa na refa Joseph Lamptey wa Ghana, akidai kwamba Kalidou Koulibaly ameshika mpira, wakati mpira ulimgonga gotini. Tukio hilo lingekuwa kosa la kuona tu, lingeishia kwenye lawama. Lakini FIFA ilimtia Lamptey hatiani kwa kuvuruga matokeo kinyume cha sheria, ikamfungia maisha, na mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia la Urusi. Kwa hivyo shabiki anayetamka kwamba refa amehongwa anatoa tuhuma iliyo nzito kuliko ile ya kukosea, na yenye kuhitaji ushahidi wa aina nyingine kabisa.

Klabu zetu zinazowakilisha Zanzibar katika mashindano ya Afrika ziko chini ya kanuni za nidhamu za CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, kama klabu nyingine zote, ingawa Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama kamili wa CAF tulioupata Machi 2017 uliondolewa Julai mwaka huo huo. Ndani ya nyumba, mwenye haki ya kuwasilisha malalamiko ni klabu, kwa maandishi, ndani ya muda na kwa utaratibu uliowekwa katika kanuni za mashindano husika. Klabu inayosubiri barza imalize kubishana huenda ikakuta muda umepita.

Video za simu zinastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa siku hizi ndizo zinazoletwa kama ushahidi. Kwa suala la kuotea hazina msaada mkubwa. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea zaidi ya robo mita kati ya picha moja na inayofuata, na mpiga picha aliyekaa pembeni ya jukwaa huuona mstari ukiwa umepinda kwa mtazamo wake. Kwa kumtambua mtu, au kwa kitendo cha ukatili kama kiwiko, kofi au kutema mate, video ile ile inaweza kuwa na thamani kubwa. Aliye nayo aifikishe kwenye klabu ikiwa nzima, bila kukatwa na bila maneno kuandikwa juu yake.

Turudi kwa majeruhi, safari hii wale wasioumizwa na mtu. Uchunguzi wa muda mrefu wa UEFA katika klabu kubwa za Ulaya ulionesha kwamba majeraha ya msuli wa nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote katika msimu wa 2001/02 na yakafikia asilimia 24 katika msimu wa 2021/22. Msuli huo huchanika zaidi mchezaji anapokimbia kwa kasi kubwa, na mechi zinazofuatana kwa karibu bila mapumziko ya kutosha huongeza hatari. Kocha anapompumzisha mchezaji nyota baada ya mechi kadhaa mfululizo za Kombe la Mapinduzi, asituhumiwe kuidharau timu. Mazoezi ya kupasha mwili yanayojulikana kama FIFA 11+, ambayo huchukua dakika 20 na hayahitaji zana zaidi ya mpira, yalijaribiwa kwa wasichana wachezaji nchini Norway na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi moja. Yanataka kufanywa angalau mara mbili kwa wiki, na timu yoyote ya mtaani inaweza kuyamudu. Aliyeumia asipelekwe kwa mchuaji siku hiyo hiyo. Kuchua na kukanda kwa maji ya moto katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvujaji wa damu na uvimbe ndani ya msuli. Afungwe bandeji, mguu uinuliwe, na akishindwa kuukanyagia apelekwe hospitali.

Wingi wa majeruhi peke yake si sababu ya kisheria ya mechi kutochezwa, maadamu timu inaweza kuingiza wachezaji wasiopungua saba.

Jeraha la kichwa lina hukumu yake. Mchezaji aliyegongwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au akaonekana amechanganyikiwa, anayumba au anatapika, hatakiwi kurejea mchezoni siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko salama na hata jukwaa zima likipiga kelele arudishwe, kwa kuwa kipigo cha pili kabla ubongo haujapona kinaweza kuua. Tangu mwaka 2024 Sheria za Mchezo zinayaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa ajili ya mchezaji wa aina hiyo, lisilohesabiwa katika mabadiliko ya kawaida. Klabu zinazotaka badiliko hilo liwemo katika ligi yao zinapaswa kuliomba kabla kanuni za msimu hazijapitishwa.