NYUMBA HII

Mimi kazi yangu ni kuandika mabango. Sio ya kuchapisha na mashine, ya mkono kabisa, brashi, rangi ya mafuta, thina na uzi uliopakwa chaki. Nilianza nikiwa kijana nambebea fundi wangu makopo huku Temeke na mpaka leo bado naandika, japo sa hivi kazi zimepungua sana kwa ajili ya hizi flex, mabango ya plastiki yanayochapishwa na mashine, mtu anaingia stationari anachagua picha ya mdada anacheka anabandika na jina la saluni yake basi kamaliza. Sina kinyongo nao. Ila hii kazi imeniharibu macho kwa namna nyingine, siwezi tena kupita mtaani nikapita tu kama watu. Mke wangu anasema mimi nikitumwa chumvi narudi na stori ya geti la mtu.

Kuna watu huwa wananiuliza, hivi fundi huko mtaani unaonaga nini hasa, mbona sisi tunaona mitaro na vumbi. Ngoja nieleze kwa kutumia ukuta mmoja.

Mtu yeyote aliyekaa Dar ameshakutana na maandishi ya NYUMBA HII HAIUZWI. Kama hujawahi kukaa huku utashangaa, kwamba nyumba zote ambazo haziuzwi zinaandikwa? Hapana bwana. Ukiona hivyo ujue kuna jambo. Ama matapeli walishakuja kuwaonesha watu nyumba isiyo yao wakachukua hela wakasepa, ama (na hii ndo nyingi) ni ndugu humohumo ndani, mzee kafariki, watoto wa mke mkubwa na mke mdogo hawaelewani, mmoja anamleta mteja kimyakimya saa nane mchana wenzake wakiwa kazini. Ukuta unageuzwa kuwa wakili. Hauli, haulali, na haupokei rushwa.

Sasa watu wanasoma maneno wanapita, mimi naangalia mkono. Kama imeandikwa kwa mkaa au rangi iliyobaki ya geti, herufi za mwanzo kubwa kama ndoo na za mwisho zimebanana zinapanda ukingoni, hapo familia imeandika yenyewe, tena kwa hasira, pengine usiku uleule ugomvi ulipotokea. Mwenye hasira hapimi nafasi. Kama imeandikwa na fundi utaona mistari miwili ya chaki kwa mbali, juu na chini, haijafutika vizuri, na herufi zimetulia. HAIUZWI ni neno gumu nakwambia. Wanafunzi wa hii kazi wanagawa nafasi sawasawa kama vyumba vya gesti, kila herufi na chumba chake, matokeo yake neno linaonekana lina pengo kama mtoto wa darasa la pili. Kwa sababu W inakula nafasi ya watu wawili, zile I mbili hazili kitu, na A juu imelala mabega kwa hiyo inaacha uwazi ambao haupo kwenye rula ila jicho linauona. Lazima uisogeze A karibu na mwenzake mpaka jicho liridhike, rula weka pembeni. Hakuna mteja aliyewahi kunilipa kwa ajili ya hilo, na akipita hajui nimefanya nini, anajua tu kwamba maandishi yametulia.

Na hapo ndipo ninapoanzia kuangalia kila kitu kingine mtaani. Natafuta kile ambacho fundi hakulipwa kukifanya.

Chukua madirisha. Nenda Tandika, Mbagala, Kinondoni, popote, angalia nondo za madirishani. Nondo zilizonyooka wima zinamzuia mwizi sawasawa kabisa na nondo zilizokunjwa maua, mwizi hajali maua. Lakini utakuta jua limechomoza pembeni na miale yake, utakuta moyo, utakuta ndege wawili wameangaliana, utakuta herufi za kwanza za jina la mwenye nyumba. Ukitaka kujua inavyofanyika, fundi wa kuchomelea anachukua kipande cha bomba anakichomelea juu ya bamba la chuma, halafu flati bari, ule mkanda bapa wa chuma, anaizungushia hapo kwa nguvu za mikono, ikizunguka inatoka imejikunja kama mkia wa kinyonga. Kwa sababu bomba ni lilelile, mikunjo yote ya fundi huyo inakuwa na ukubwa mmoja. Ukishalijua hili unaweza kutembea mtaa mzima ukasema hii ya jamaa wa kona, hii ya jamaa wa kona, hii siyo, hii imetoka mtaa mwingine. Ni saini ile, hata kama mwenyewe hajui kama ameweka saini.

Halafu kuna yale madirisha yamebaki na ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, miaka nenda miaka rudi, haikuwahi kupakwa rangi yenyewe juu. Hapo unasoma hela iliishia wapi. Juu ya paa nondo za nguzo zimechomoza zinangoja ghorofa ambayo mwenye nyumba aliiota kabla ada za shule hazijamkuta. Mimi nikiona zile nondo huwa nasimama kidogo, sijui kwa nini. Wengine wanazivisha chupa za plastiki kwa juu, nadhani zisimchome mtu.

Kuna kijana mmoja amesoma sanaa chuo tulibishana sana kuhusu hili, yeye anasema fundi huo ni ufundi sio sanaa, sanaa lazima mtu awe amekusudia. Nikamuuliza sasa yule aliyekunja ndege wawili alikuwa anakusudia nini, kufungua bucha? Na neno sanaa lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu na asili yake huko ni kazi ya mikono, utengenezaji wa vitu. Sisi ndo tumekuja kulipeleka kwenye kumbi za maonyesho halafu tukalifungia mlango.

Mbona tunaye Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kule Tunduru, alikuja Dar kutafuta maisha kama wengine wote, akaanza kuchora mwaka 1968 hivi upande wa Msasani na Oyster Bay. Alichorea nini? Vipande vya hadibodi, zile mbao za kuzibia dari, na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Vitu vya dukani, vya mtaani, sio turubai la kutoka Ulaya. Alipigwa risasi na polisi mwaka 1972, ni makosa tu, walimdhania mtu mwingine, kwa hiyo alichora miaka kama minne tu na bado jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima. Mimi rangi ninayotumia ni ya ukoo huohuo, na najua kwa nini picha zile zinang'aa vile na kwa nini rangi zimekaa bapa bila kuchanganyikana: rangi ya mafuta hairuhusu uchezechezee ikishaanza kukauka, unaweka unaacha, ukirudiarudia brashi inavuta ngozi. Kwa hiyo zile nukta nukta na mistari safi watu wanazozipenda, sehemu kubwa ni rangi yenyewe ilikuwa inamwambia nini kinawezekana. Hapo ndo napenda vitu vya mtaani, kifaa kinabishana na mtu halafu wanafikia mwafaka.

Nairobi kuna Cyrus Kabiru anatengeneza miwani kwa vyuma na waya na makopo anayookota, anaiita C-Stunners, miwani yenyewe huwezi kuvaa ukapanda matatu ila dunia nzima wanaijua. Hakuna haja ya kufika mbali hivyo lakini. Angalia kibatari. Kopo la nyanya au la dawa ya mbu, limekatwa, limekunjwa, limetiwa utambi. Fundi bati ana uamuzi mmoja ambao hakuna anayemlazimisha, ile chapa ya kopo aigeuzie ndani au nje? Wengine hawajali. Wengine wanaigeuza ndani ili kibatari kionekane kipya, kinawaka bati tupu. Na nimewahi kuona kimoja fundi ameipanga ile picha ya nyanya nyekundu ikae katikati kabisa chini ya moto, sijui kama alikusudia ila sijawahi kuisahau.

Au kiti cha plastiki kilichopasuka. Hiki mimi ndo ugonjwa wangu. Fundi anachoma msumari kwenye mkaa, anatoboa matundu pande mbili za ufa, anashona kwa waya. Ushonaji wa kawaida ni kupitisha waya moja kwa moja unakaza basi. Kuna kiti kipo kwa mama ntilie mmoja ninapokulaga, kimeshonwa kwa msalaba, X X X X, kuanzia mgongoni mpaka kwenye mguu, zote saizi moja kama mshono wa daktari. Kiti kipya si bei ya kutisha hivyo, nahisi muda uliotumika pale ni ghali kuliko kiti. Nilimuuliza mama nani alikushonea akaniambia "kula wewe, chakula kinapoa."

Nimesahau mabango ya sauti. Haya hayana herufi kabisa na ni ya kwetu kwelikweli. Muuza kahawa anagonganisha vikombe mkononi, dele lina moto chini, humuoni bado lakini umeshajua anakuja kutokea upande wa msikitini. Muuza karanga na sigara anachezesha sarafu kiganjani, chakachaka chakachaka. Wale vijana wa kupaka rangi kucha wanagonganisha vichupa. Fundi viatu anagonga kiboksi chake. Wanne hao wanaweza kupita mtaa mmoja ndani ya nusu saa na mtu aliyelala ndani na homa anamjua kila mmoja bila kufungua dirisha. Mimi nahangaika na ukubwa wa herufi ili isomeke kutoka ng'ambo ya barabara, jamaa anasomeka kupita ukuta! Tena kila muuza kahawa ana mdundo wake, wa kwetu anapiga mitatu ya haraka anaacha, halafu mmoja. Wajukuu wa mzee jirani wanamuiga kwa vijiko.

Ukipita Kariakoo pia inua kichwa, watu hawainui kwa kuogopa kuibiwa simu zao, na wana haki. Lile soko la zamani lililoungua mwaka 2021 lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wetu, miaka ya sabini, paa lake ni miavuli mikubwa ya zege imegeuzwa juu chini. Nje ya soko, chini kabisa, wamachinga kila mmoja na mwavuli wake umefungwa kwa kamba za tairi. Ningekuwa mpiga picha ningepiga vyote viwili kwenye picha moja nikanyamaza.

Haya turudi kwenye ukuta wangu, maana sikuuchagua bure. Niliuandika mimi.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane. Nikamwamkia shikamoo, akaniambia marahaba mwanangu, nataka NYUMBA HII iwe nyeusi, HAIUZWI iwe nyekundu, iwaume. Nikamweleza mama, nyekundu hii ya bei ya chini haina maisha, ukuta wako unatazama magharibi, jua lote la alasiri linaishia hapa, na nyekundu ndo ya kwanza kuondoka, nyeusi itabaki. Nikamwonesha kabisa bango la bucha la jirani, NYAMA imepotea imebaki picha ya ng'ombe. Hakutaka kusikia. Mteja ndo mwenye ukuta, nikaandika.

Ikapita miaka kadhaa. Siku moja napigiwa simu, yule mama, kachemka. Kumbe nyekundu ilishaondoka yote, ukutani pamebaki NYUMBA HII peke yake, nyeusi, imetulia, nafasi safi. Na mtu akiona NYUMBA HII ukutani anajazia mwenyewe. Watu wakaanza kubisha hodi kuulizia bei, na dalali mmoja akaja na mteja wake na futi kamba wakaanza kupima uwanja wakati mama anaanua nguo. "Mwanangu," ananiambia, "maandishi yako yananiuzia nyumba."

Nikaenda. Nikamwambia safari hii tuweke nyeusi yote. Akasema nyekundu. Nikasema mama, umeona mwenyewe kilichotokea. Akasema nyekundu, kwani waliokuja kupima wameacha kuwepo?

Nikapiga chaki, nikaandika HAIUZWI nyekundu kama anavyotaka, halafu nikarudi nyuma ya kila herufi nikaiwekea kivuli cheusi upande wa kulia na chini, kinene kuliko ninavyowekaga, kiasi kwamba ukiondoa nyekundu yote kivuli peke yake kinasomeka. Akasimama akaangalia akauliza hicho cheusi cha nini, nitakulipa zaidi? Nikamwambia hapana mama, ni urembo tu.

Juzi nimepita pale kwenye daladala, nyekundu imeanza kupauka, imeanzia kwenye W.