Mizigo ya familia: tiketi yako inahesabu kilo au mabegi?

Familia nyingi zinazolipishwa mizigo ya ziada uwanja wa ndege hazijabeba vitu vingi kupita kiasi. Zimebeba vitu ambavyo vingepita bure kama vingepangwa vingine, au kama mtu mmoja nyumbani angefungua tiketi mapema akasoma mstari mmoja. Nimekaa upande wa pili wa kaunta, pale penye mzani, kabla sijahamia kwenye kazi ya kukata tiketi, na wanaoumia zaidi ni watu wa likizo. Msafiri wa kikazi mwenye sanduku moja hana pa kukosea. Familia ya watu watano ina masanduku, mabegi ya mgongoni, kigari cha mtoto, mto ambao bila huo mtoto halali, na mkubwa mmoja anayesema, "Weka tu, hawatapima."

Watapima. Mizigo siku hizi ni biashara inayojitegemea. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopaa, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza kwenye safari za ndani ya Marekani, jambo ambalo mashirika makubwa ya huko hayakuwa yakilifanya. Mengine yakafuata, na leo nauli ya chini kabisa kwa mashirika mengi inanunua kiti tu.

Basi fungua tiketi ya kielektroniki. Ujumbe wa kuthibitisha malipo hautoshi, tafuta tiketi yenyewe. Kando ya kila safari kuna sehemu ya mizigo, na humo utakuta alama fupi: 1PC, 2PC, 20K, 30K au NIL. PC inahesabu mabegi. K inahesabu kilo. NIL au 0PC maana yake nauli uliyolipa haina mzigo wa kupakiwa chini hata mmoja. Angalia kwa kila jina na kwa kila safari, kwenda na kurudi, kwa sababu si ajabu nauli ya kurudi ikawa ya daraja tofauti na ya kwenda, au mmoja wenu akawa amekatiwa nauli ya chini baada ya zile nyingine kuisha.

Kwenye mfumo wa mabegi, kipimo cha kawaida cha daraja la uchumi ni kilo 23 kwa begi, na daraja la biashara kilo 32. Namba hizo zinaonekana za ajabu mpaka ukumbuke kwamba ni ratili 50 na 70. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158, magurudumu yakiwemo. Kilo 32 ndio ukomo wa begi moja karibu kila mahali, hata uwe tayari kulipa, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Likizidi hapo utaambiwa upunguze au ulipeleke kama shehena.

Sasa tuchukue familia ya watu wanne na tuiweke kwenye mifumo yote miwili, maana hapa ndipo pesa inapopotelea.

Tiketi ikisema 30K kwa kila mtu, familia ina kilo 120. Mkiwa kwenye buking moja na mkafika kaunta pamoja, mashirika mengi yatajumlisha. Sanduku moja likiwa na kilo 31 na jingine 24, hakuna atakayeuliza, mradi jumla haijavuka 120 na hakuna begi lililovuka 32. Baadhi ya mashirika huweka pia kikomo cha idadi ya mabegi hata kwenye mfumo wa kilo, kwa hiyo usifike na vifurushi tisa vidogo.

Tiketi ikisema 1PC, sahau kujumlisha. Mna mabegi manne, kila moja na kilo zake 23. Begi moja likiwa na 27 na mengine matatu 15, mmebeba kilo 72 kati ya 92 mnazoruhusiwa, na bado mtalipia lile la 27. Kile kibegi cha tano chenye viatu vya watoto, kilo 6 tu, kitatozwa kama begi kamili, sawasawa na cha kilo 23. Mfumo huu unataka mabegi machache yaliyojazwa vizuri. Tena tozo zake hurundikana: begi likiwa la ziada, likawa zito kupita kiwango, na likawa kubwa kupita sentimita 158, unaweza kutozwa mara tatu kwa begi hilo hilo.

Abiria akishashikwa kaunta na uzito uliozidi, la kwanza analofanya ni kufungua masanduku yote sakafuni na kuanza kuhamisha suruali. Afadhali aulize kwanza: "Uzito uliozidi mnatoza kwa kilo au kwa begi?" Mashirika mengi ya mfumo wa mabegi hutoza bei moja kwa begi lolote lililo kati ya kilo 23 na 32. Likiwa na 24 au 31, bei ni ile ile. Kwa hiyo kama mabegi mawili yamezidi, kila moja kwa kilo 2 au 3, usilipe mara mbili. Chagua moja liwe la kutolewa kafara: lijaze vitu vizito mpaka 31, rudisha yale mengine chini ya 23, lipa mara moja. Wahudumu wengi hawatakuambia bila kuulizwa. Si roho mbaya. Foleni ni ndefu, na kazi yao ni kusoma namba kwenye mzani.

Ukiwa hapo, angalia mzani unasoma sifuri kabla begi halijawekwa. Angalia pia begi halijaegemea ukuta, na hakuna mtoto aliyeweka mkono au mguu juu yake. Watoto wanapenda sana ule mkanda. Ukiona namba imepishana mno na uliyopima nyumbani, omba kwa adabu kupima kwenye kaunta ya jirani. Ni ombi la kawaida.

Nyumbani nako kupima si kazi. Mzani mdogo wa kuning'iniza unatosha. Ukiwa na mzani wa kupimia watu, jipime mwenyewe, kisha jipime ukiwa umebeba sanduku, utoe tofauti. Lenga 21 au 22, usilenge 23 kamili. Na pima sanduku likiwa tupu. Sanduku kubwa gumu laweza kuwa na kilo 4 hadi 5 kabla hujatia hata soksi, yaani karibu sehemu ya tano ya haki yako imeliwa na ganda. Kwa familia ya masanduku manne, kuhamia kwenye mabegi laini yenye kilo 2.5 au 3 kunarudisha kilo kadhaa bila kuacha kitu nyumbani. Mimi siyapendi masanduku magumu kwa safari za familia, ingawa najua yanapendeza kwenye picha.

Watoto wana hesabu yao. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa hulipiwa sehemu ndogo ya nauli, mara nyingi karibu asilimia 10 kwa safari za kimataifa, na mzigo wake ni mdogo: kilo 10 hivi, au hakuna kabisa, kutegemea shirika. Kigari chake na kiti chake cha gari kwa kawaida huchukuliwa bure, na kigari waweza kukisukuma hadi mlango wa ndege. Akishatimiza miaka 2 anakuwa na kiti chake, na kwa nauli yenye mizigo anapata kiwango kile kile cha mtu mzima. Nguo za mtoto wa miaka 3 hazifiki hata nusu ya kilo 23. Hiyo ndiyo akiba ya familia, na kwenye mfumo wa mabegi haina maana msipoitumia kwa kupeleka begi lake. Mtoto anayetimiza miaka 2 katikati ya likizo huhitaji kiti chake wakati wa kurudi. Mkipanga mapema, safari ya kurudi inaongezeka begi, tena wakati ule ambao mna zawadi.

Vifaa vya mtu mwenye ulemavu, kama kiti cha magurudumu, havihesabiwi kwenye mizigo. Toa taarifa mapema kwa ajili ya betri na nafasi, lakini usikubali kuvilipia kama uzito wa ziada.

Ukiona mstari wa mizigo hautoshi, nunua mapema. Karibu kila shirika lina ngazi tatu za bei: mtandaoni kabla ya safari, kaunta siku ya safari, na getini, ambako ndiko ghali kuliko kote. Tozo ni kwa begi na kwa kila mwelekeo, kwa hiyo piga hesabu ya kwenda na kurudi kabla hujasema ni pesa ndogo. Linganisha pia na nauli ya ngazi ya juu yake, maana wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko bei ya begi, na juu yake unapata haki ya kubadilisha tarehe. Na si lazima kila mtu anunuliwe begi. Watu wanne wanaokwenda wiki moja sehemu ya joto wanatosheka na mabegi mawili makubwa yaliyonunuliwa kwa majina mawili. Usinunue kwa wasiwasi, kwa sababu begi lililolipiwa lisipotumika, mara nyingi pesa hairudi.

Safari za kuunganisha ndizo zinazonipa simu nyingi. Ndege zote zikiwa kwenye tiketi moja, kwa kawaida kanuni ya shirika moja hutawala safari nzima, mara nyingi lile linalokuvusha sehemu kuu ya safari, kama kutoka bara hadi bara. Mkikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa nauli, kila tiketi ina kanuni zake. Ile ndege ndogo ya mwisho ya kuwapeleka kisiwani au mbugani, inayoruhusu labda kilo 15 kwenye begi laini, ndiyo inayowapangia familia nzima. Fungasheni kwa kufuata tiketi yenye kiwango cha chini kabisa.

Begi la kuingia nalo ndani ya ndege lina uzito wake, kwa mashirika mengi kati ya kilo 7 na 10, na vipimo vya karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20, mpini na magurudumu yakihesabiwa. Kila mtoto mwenye kiti naye ana lake, lakini kumbuka nani atakuwa amelibeba mtoto akisinzia. Pawa benki na betri za akiba za lithiamu lazima ziwe humo, hazipakiwi chini. Kikomo bila kibali ni Wh 100 (Wh, yaani wati-saa, ni kipimo cha nishati ya betri), na pawa benki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, kwa hiyo nyingi za kawaida zinapita. Shida huja ndege ikijaa na begi lako la mkononi likachukuliwa getini kwenda kupakiwa chini. Toa pawa benki kwanza, na dawa, na pasipoti.

Na namna ya kugawanya vitu: usimpe kila mtu begi lake peke yake. Changanya. Weka nguo za siku mbili za kila mmoja kwenye begi la mwingine, ili moja likichelewa asiwepo mtu wa kushinda na nguo alizosafiria. Kisha hakikisha lebo za mabegi zimetoka kwa majina tofauti, zisirundikwe zote kwa jina la baba kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele, na hifadhi vile vipande vya lebo mnavyopewa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, fidia ya mizigo iliyopotea, kuharibika au kuchelewa ina ukomo wa SDR 1,519 kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha thamani cha IMF. Ukomo huo ni kwa abiria, si kwa begi.

Kuna familia ya watu wanne iliyosafiri kutoka Barcelona kwenda Paris ikiwa na vitu vya wote kwenye mabegi mawili, na mabegi yote mawili yakapotea. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba abiria anaweza kudai fidia ya vitu vyake hata kama vilikuwa kwenye begi lililoandikishwa na mwenzake, mradi athibitishe kwamba vilikuwemo humo. Kwa hiyo piga picha ya kila begi likiwa wazi kabla ya kulifunga. Begi likija limeharibika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likiwa lilichelewa, una siku 21 kuanzia siku ulipokabidhiwa. Ripoti ya kwanza itoe pale pale kwenye ofisi ya mizigo, kabla hamjatoka nje ya jengo.