Je, wajua kwa nini ukitafuta "3D" unaletewa Eswatini na Fiji kwa pamoja?

Chukua hifadhidata ya vituo vya redio ya ridhaa, yaani redio za watu binafsi wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, inayokubali kutafuta kwa herufi za mwanzo, andika 3D, kisha bonyeza. Orodha itachanganya vituo vya Eswatini, kusini mwa Afrika, na vya Fiji, kule kwenye Bahari ya Pasifiki. Hifadhidata haijakosea.

Kila kituo cha ridhaa kina ishara ya mwito, yaani jina lake la hewani, na mwanzo wa ishara hiyo hugawiwa nchi kupitia ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Ujerumani ina DA hadi DR, Japani JA hadi JS, Kenya 5Y na 5Z. Fungu la 3D lilikatwa katikati: 3DA hadi 3DM likaenda Eswatini, 3DN hadi 3DZ likaenda Fiji. Vituo vya ridhaa vya Fiji huanza na 3D2, vya Eswatini na 3DA. Alama ya tatu ndiyo inayowatenganisha, nawe hukuiandika.

Hapo ndipo watu wengi hujiambia kwamba wakiandika herufi za kutosha watajua kituo kilipo. Hawatajua. Ishara ya mwito hueleza ni nani aliyetoa leseni, na hilo ni jambo jingine kabisa. Marekani, tarakimu iliyo ndani ya ishara ni ya eneo: 6 ni California, 4 ni majimbo ya kusini-mashariki. Zamani aliyehama eneo alitakiwa kubadilisha ishara. Siku hizi huondoka nayo, kwa hiyo mwenye W6 anaweza kuwa anaishi Florida miaka nenda miaka rudi. Na Mjerumani akienda hewani kutoka Ufaransa, huweka F, ya Ufaransa, na mkwaju (/) mbele ya ishara yake, lakini kwenye kumbukumbu za leseni anabaki Mjerumani. Ukichuja kwa herufi za mwanzo ili upate "walioko California", umechuja kitu usichokitafuta.

Basi programu hujuaje nchi au eneo la kuandika kando ya kila ishara? Huanza na mwanzo mrefu zaidi unaolingana. K peke yake ni Marekani, lakini KH6 ni Hawaii, KH2 ni Guam na KL7 ni Alaska. Ni kama kumuulizia mtu kwa jina: ukitaja la kwanza tu utaonyeshwa wengi, ukiongeza la baba wanabaki wachache, ukiongeza la babu huenda akabaki mmoja. Programu nayo hujaribu kwanza jina refu kuliko yote, na likikosekana ndipo hurudi kwenye fupi. Ndiyo maana KH6 haiishii kwenye kapu la K.

Kuna mahali hata urefu huo hautoshi, na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. KG4 ikifuatwa na herufi mbili, imetengwa kwa kituo cha kijeshi cha Marekani cha Guantánamo, Kuba. Ikifuatwa na herufi moja au tatu, ni ishara ya kawaida ya kusini-mashariki mwa Marekani. Hapa programu hailinganishi mwanzo tu, inahesabu na mkia. Ukiandika KG4* unazoa zote. Ukiandika KG4??, pale ambapo alama ya kuuliza husimamia herufi moja, unabaki na Guantánamo. Alama hizo hutofautiana kati ya hifadhidata na hifadhidata, kwa hiyo soma maelezo yake kwanza.

VP8 inashinda ujanja wote huo. Imetumika Visiwa vya Falkland, South Georgia na South Orkney, na herufi hazikwambii ni kipi.

Kwa mahali, tumia gridi ya Maidenhead, iliyopewa jina la mji wa Uingereza ambako wataalamu walikutana mwaka 1980. Dunia hugawanywa katika maeneo 324, kila moja likiwa na digrii 20 za longitudo kwa 10 za latitudo. Kila eneo hukatwa tena vipande 100 vya digrii 2 kwa 1. Mji wenyewe wa Maidenhead uko kwenye kipande kiitwacho IO91. Chuja kwa IO91 utapata vituo vya pale, ishara zake zianze na chochote. Angalia tu kwamba gridi huenda iliandikwa na mwenye kituo kabla hajahama, au ilikokotolewa kutoka kwenye anwani ya posta, na sanduku la posta halina antena.

Kichujio cha leseni hai kiache mwisho. Leseni ya Marekani hudumu miaka 10, na mwenye nayo anaweza kuzima redio mwaka wa kwanza akaendelea kuhesabiwa kuwa hai hadi wa kumi.