Je, wajua kwa nini modeli ya manowari husalitiwa na reli zake?

Weka pamoja picha ya manowari halisi na ya modeli ya plastiki. Jicho hujua ipi ni ipi kabla akili haijapata sababu. Mizinga iko sawa, mlingoti uko sawa, rangi ni kijivu kilekile. Kinachoisaliti modeli ni unene.

Chukua Yamato, manowari ya Japani iliyozamishwa Aprili 1945. Ilikuwa na urefu wa mita 263. Kwa skeli ya 1:350, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 350, inakuwa sentimita 75 hivi, inakaa mezani bila taabu. Baharia wa sentimita 175 anabaki na milimita 5, mfupi kuliko punje ya mchele.

Sasa njoo kwenye reli. Ukingoni mwa sitaha husimamishwa vyuma na kupitishwa nyaya, ili watu wasiteleze wakaangukia baharini. Tuseme waya una unene wa sentimita 2. Ugawe kwa 350, unapata kama milimita 0.06, unene wa unywele. Plastiki ya moto inayoshindiliwa kwenye kalibu haifiki huko; hupoa na kukwama kabla ya kuujaza mfereji mwembamba kiasi hicho. Kwa hiyo kiwanda ama huziacha reli kabisa, ama huzitoa zikiwa na nusu milimita. Nusu milimita mara 350 ni sentimita 17 na nusu. Hiyo si reli tena, ni nguzo ya umeme iliyolazwa!

Waundaji walipata dawa kwenye bati la shaba. Bati hupakwa kemikali inayogeuzwa na mwanga, mchoro wa reli huchapwa juu yake, kisha asidi hula kila sehemu isiyokingwa. Kinachobaki ni wavu wenye unene wa milimita 0.1 au 0.2, unaoshikwa kwa kibano na kugandishwa kwa tone dogo la gundi huku umebana pumzi. Bado ni mnene kuliko ukweli, ila jicho linakubali. Nyaya za antena hupatikana kwa njia rahisi zaidi: kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye fremu iliyoshika vipande vya modeli hupashwa moto wa mshumaa, kisha huvutwa taratibu mpaka kiwe uzi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuonyesha mno. Ukiitazama modeli hiyo kutoka sentimita 50, ni kama umesimama mita 175 kutoka kwenye meli yenyewe. Kwa umbali huo macho mazuri hayatenganishi vitu vilivyoachana kwa chini ya sentimita 5 hivi. Lakini modeli nyingi huchongwa mistari ya mbao za sitaha yenye upana wa milimita 0.2, yaani nyufa za sentimita 7, za kumeza kisigino cha baharia. Mimi naona heri sitaha laini iliyopakwa rangi zinazotofautiana kidogo tu. Na rangi yenyewe wengi huichanganya na nyeupe kidogo, kwa sababu hewa iliyo kati ya mtazamaji na meli ya mbali huipausha.

Cha ajabu, uzito hauleti ugomvi. Yamato iliyosheheni ilikuwa na takriban tani 72,000. Gawa kwa 350 mara tatu, kwa urefu, upana na kina, unapata kilo 1.7. Ijaze modeli mpaka ifikie hapo, nayo itazama mpaka kwenye mstari uleule wa maji kama mama yake.

Ila matone ya maji hayapungui pamoja na modeli. Tone la milimita 3 lililotua kwenye sitaha linageuka mpira wa mita moja, mkubwa kuliko nusu ya baharia. Ndiyo maana modeli nyingi zenye reli nzuri hazionjeshwi maji kabisa. Huwekwa juu ya bahari ya jeli iliyokauka, iliyopakwa rangi kwa brashi.