Wafalme wa Uingereza wa Enzi za Kati hawakutawala watakavyo

Wengi huamini kwamba wafalme wa Uingereza wa Enzi za Kati walikuwa na mamlaka yasiyo na mipaka hadi Magna Carta, hati ya kuwekea mamlaka ya mfalme mipaka ambayo Mfalme John alilazimishwa kuikubali, ilipowabana mwaka 1215. Imani hiyo si sahihi. Tayari mwaka 1100, Henry I alipotawazwa, alitoa hati ya kuahidi kukomesha dhuluma za mtangulizi wake, na mabaroni (makabaila wakubwa wenye ardhi) waliomkabili Mfalme John waliitegemea hati hiyo hiyo. Isitoshe, Magna Carta ya 1215 ilibatilishwa na Papa Innocent III ndani ya miezi michache. Iliyodumu ni ile ya 1225, ambayo Henry III aliitoa ili akubaliwe kodi.

Kodi ndiyo kiini cha jambo hili, nacho hupuuzwa mno. Mfalme hakuwa na jeshi kubwa la kudumu, na mapato yake ya kawaida hayakutosha kugharamia vita, hivyo kila alipotaka kupigana Ufaransa alihitaji ridhaa ya walipaji, ambao nao walidai malalamiko yao yashughulikiwe. Hata Edward I, mpiganaji aliyeogopwa, alilazimika mwaka 1297 kuithibitisha Magna Carta. Mfalme aliweza hata kung'olewa: Edward II aliondolewa madarakani mwaka 1327, na Richard II mwaka 1399.